Ni yeye, lakini siye: jibu kwa mchoraji anayechora sura kutoka kwenye picha

Swali limetoka kwa kijana wa Morogoro, nami nalinukuu kwa ufupi: "Shikamoo mwalimu. Nina miaka 23, nachora potreti za penseli kwa oda zinazokuja kwa WhatsApp. Wateja hunitumia picha, nami huchora kwa kugawa picha na karatasi katika visanduku, na mchoro hutoka kama picha yenyewe. Mwezi uliopita nilimchora marehemu baba wa mteja wangu kutoka kwenye picha yake ya pasipoti. Mteja alifurahi, lakini mama yake alipouona mchoro alinyamaza, kisha akasema: 'Ni yeye, lakini siye.' Rafiki yangu aliyesomea sanaa ananiambia kwamba kuchora kutoka kwenye picha ni kunakili tu, na kwamba nisipochora watu hai sitafika popote. Je, ni kweli? Na yule mama aliona nini ambacho mimi sikukiona?"

Marahaba, kijana wangu. Swali lako lina mafundo mawili, nami nitaanza na lile jepesi, yaani shutuma ya rafiki yako, ili ibaki nafasi ya kutosha kwa yule mama, ambaye kwa maoni yangu ndiye mhakiki bora kuliko wote uliowahi kuwapata. Ili tusichanganyane, katika jibu hili neno "picha" litakuwa na maana ya picha iliyopigwa kwa kamera, na kazi ya mkono wako nitaiita "mchoro".

Kuchora kwa msaada wa chombo hakukuanza jana. Mjerumani Albrecht Dürer, katika kitabu chake cha upimaji kilichochapishwa mwaka 1525, alionyesha mchoraji akimchora mtu aliyeketi upande wa pili wa kioo, jicho la mchoraji likiwa limefungiwa mahali pamoja ili lisihame. Upigaji picha ulipotangazwa mjini Paris mwaka 1839, wachoraji hawakuukimbia. Eugène Delacroix, mmoja wa wachoraji wakubwa wa Ufaransa, alizitumia katika miaka ya 1850 picha za watu zilizopigwa na Eugène Durieu, akazichora kama mazoezi. Karibu na zama zetu, Mmarekani Chuck Close alijenga jina lake juu ya nyuso kubwa alizozihamisha kutoka kwenye picha kisanduku kwa kisanduku, kama ufanyavyo wewe. Kwa hiyo rafiki yako akikuambia kwamba aliyetazama picha hakuchora, mjibu kwa heshima kwamba kuta nyingi za makumbusho zingebaki tupu kama hilo lingekuwa kweli.

Hata hivyo, amegusa jambo la kweli bila kulitaja sawasawa. Delacroix hakujifunza umbo la mwanadamu kutoka kwenye picha za Durieu. Alizifikia akiwa mtu wa zaidi ya miaka 50, aliyekuwa amewachora watu walioketi mbele yake tangu ujana, na kwa sababu hiyo aliweza kuona kipi kimepungua humo na kipi kimezidi. Hapo ndipo penye hatari kwa anayeanza na picha na kuishia kwenye picha: picha haikuambii ilichokiacha. Ukiwa na shaka kama pua ya mtu aliyeketi mbele yako imepinda kidogo, unanyanyuka, unasogea hatua mbili kulia, na shaka inakwisha. Picha ukiisogelea utaona punje na vumbi tu. Mchoraji aliyezoea watu hai anapoikuta sehemu iliyopotea gizani hujua kwamba pana kitu pale, hukitafuta na hukijenga; aliyezoea picha peke yake hupaka weusi, kwa kuwa weusi ndio alioukuta.

Tuanze na umbali, kwa kuwa ndio unaoharibu michoro mingi ya oda siku hizi. Wengi wa wateja wako, nadhani, hukutumia selfi. Mtu anapojipiga selfi, simu huwa kiasi cha sentimita 30 kutoka ncha ya pua yake, na masikio yake yako nyuma ya ncha hiyo kwa sentimita kama 12 hivi, yaani sentimita 42 kutoka kwenye lenzi. Kwa kuwa kitu huonekana kidogo kwa kadiri kilivyo mbali, pua hapo imekuzwa kwa takriban asilimia 40 kuliko masikio. Sasa mrudishe mpigaji hadi mita moja na nusu: pua iko sentimita 150, masikio yako 162, na tofauti inashuka hadi asilimia 8. Sura ni ile ile, lakini ya kwanza ina pua pana, paji la uso lililotokeza na masikio yanayokimbilia nyuma. Visanduku vyako haviwezi kukuokoa hapo, maana vinahamisha kosa la lenzi kwa uaminifu mkubwa mno. Sisi kwa kawaida tunamjua mtu kwa umbali wa kukaa naye chumbani, ng'ambo ya meza au ng'ambo ya mkeka; hakuna anayemjua mama yake kwa sentimita 30, isipokuwa mtoto anayenyonya.

Selfi ina hila nyingine ndogo. Baadhi ya simu huihifadhi kama ilivyoonekana kwenye kioo, kushoto kukawa kulia, na nyingine huigeuza. Kabla ya kuanza, muulize mteja doa, kovu au njia ya nywele iko upande gani. Nimewahi kumaliza mchoro wa siku nne nikiwa nimeweka kovu la nyusi upande usio wake, na mwenye sura hakuligundua, kwa kuwa yeye hujiona kwenye kioo kila asubuhi. Aliyeligundua ni mumewe.

Lakini picha uliyopewa wewe ilikuwa ya pasipoti, na hiyo kwa kawaida haina kosa la umbali, kwa kuwa mpiga picha wa studio husimama nyuma vya kutosha. Kasoro yake ni nyingine. Mwanga wa pasipoti hupigwa kutoka mbele makusudi, ili pasiwe na kivuli usoni wala ukutani, na kivuli kinapoondoka huondoka pia habari za kimo: kishimo cha macho hakina kina, mfupa wa shavu hauna mwanzo wala mwisho, na pua inabaki matundu mawili yanayoelea. Halafu kuna masharti yenyewe ya picha hiyo, kwamba mdomo ufungwe, kichwa kinyooke na uso usiwe na furaha wala huzuni. Picha ya pasipoti ni sura ambayo mtu huivaa kwa ajili ya ofisa kwa nusu dakika, kisha huivua. Mke wa marehemu aliishi na mtu aliyeinamisha kichwa anaposikiliza, au aliyebana jicho moja anapotafuta neno, au aliyeacha mdomo wazi kidogo akisoma gazeti. Alipokitazama kile kipimo sahihi cha macho na pua, alikubali kwamba ni mumewe. Alipoitafuta tabia ya sura hakuikuta, na kwa uungwana wa watu wazima akasema kwa maneno machache tu. Hukukosea kupima, bali ulipimiwa kitu kidogo.

Hapa ndipo uchoraji wa mtu hai unapotofautiana kabisa na ule wa picha. Picha ya kamera ni sehemu ndogo ya sekunde. Mtu akikaa mbele yako saa mbili, hutachora sekunde yoyote kati ya hizo; utachora makubaliano baina ya nyingi. Ataanza akiwa amekaza shingo kama askari wa gwaride, baada ya dakika kumi mabega yatashuka, baada ya ishirini atasahau kwamba anatazamwa, na sura yake ya kweli, ile anayoijua mkewe, itaingia chumbani polepole. Wewe utakuwa umeanza mstari wa mdomo na sura ya kwanza na kuumalizia na sura ya tatu, na mgongano huo ndio unaofanya mdomo uonekane kana kwamba unataka kusema. Mfaransa Paul Cézanne alipomchora mfanyabiashara wa sanaa Ambroise Vollard mwaka 1899, Vollard alieleza kwamba alikalishwa mara 115, na mwishowe mchoraji akasema tu kwamba sehemu ya mbele ya shati haikumchukiza. Mchoraji Lucian Freud alimkalisha mchoraji mwenzake David Hockney mjini London mwaka 2002 kwa zaidi ya saa 100, na zamu ya Hockney ya kumchora Freud ilipofika, Freud alimpa saa chache tu. Sikuambii uwafanyie hivyo wateja wa Morogoro wenye maduka ya kufungua. Nakuambia tu kwamba kwa watu hao muda wenyewe ulikuwa sehemu ya vifaa, kama penseli.

Kuna anayeweza kunipinga kwa mfano wa Francis Bacon, mchoraji aliyeishi London, ambaye katika miaka ya 1960 alipendelea picha kuliko watu, akamwagiza mpiga picha John Deakin awapige marafiki zake, na akasema wazi kwamba mtu akiwa mbele yake anamzuia kuvuruga sura yake apendavyo. Mfano huo ni wa kweli, lakini tazama aliowachora: ni marafiki na wapenzi aliokunywa nao na kugombana nao kwa miaka. Picha zilikuwa kikumbusho cha watu aliowajua kwa kina. Wewe unaletewa picha ya mtu ambaye hujapata hata kusikia sauti yake, na picha hiyo hiyo inatakiwa ikuambie kila kitu.

Sasa niseme jambo ambalo vitabu vingi vya kujifunzia haviligusi, kwa kuwa viliandikwa na watu waliochora ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeupe umbo la uso husomeka zaidi kwa kivuli: shavu linageuka kutoka kwenye mwanga, linaingia kijivu, kisha linazama. Kwenye ngozi nyeusi ya kwetu kivuli kina nafasi ndogo ya kushuka, kwa kuwa ngozi yenyewe tayari iko chini katika ngazi ya weusi. Umbo linasomeka zaidi kwa mng'ao, yaani pale ngozi inaporudisha mwanga wa dirisha kama kitu kilichopakwa mafuta. Mng'ao wa paji la uso, wa mgongo wa pua, wa juu ya mfupa wa shavu, wa mdomo wa chini na wa kidevu ndiyo mifupa ya mchoro. Na mng'ao una tabia moja ambayo picha haikufundishi: unahama unapohama wewe. Keti mbele ya mtu, sogeza kichwa chako kushoto kidogo, nawe utauona mng'ao wa paji la uso ukiteleza. Ukishaona jambo hilo mara moja utaelewa kwamba mng'ao si doa jeupe lililo juu ya ngozi, kama wanavyolichora wanaonakili picha kwa kalamu nyeupe, bali ni alama ya mahali ambapo uso umegeuka ukarudisha mwanga wa dirisha kwenye jicho lako, nao una kingo ngumu upande mmoja na laini upande wa pili kwa kadiri mfupa unavyopinda.

Kamera nayo haikutengenezwa ikitufikiria sana. Filamu za rangi kwa miongo mingi zilipimwa kwenye maabara kwa kadi za picha za wanawake weupe, zilizojulikana kama kadi za Shirley kutokana na jina la mwanamke wa mwanzo, na matokeo yake tunayajua sote kutoka kwenye albamu za nyumbani: bibi harusi ana gauni lenye kila mkunjo, na uso wake ni kivuli chenye meno. Simu za sasa zimekuja na ugonjwa ulio kinyume. Zinainua giza, zinalainisha ngozi bila kuombwa, zinafuta makunyanzi na kusawazisha ule mng'ao niliousema, hata mtu wa miaka 60 akarudi na shavu la plastiki. Mchoraji anayeinakili picha kama hiyo kwa bidii atapata mchoro safi usio na mfupa, kisha ataongeza vinyweleo na vitundu vya ngozi ili uonekane hai. Hivyo vitundu havisaidii. Nimeona michoro yenye kila kitundu cha ngozi ambayo haikuwa na fuvu ndani yake.

Nikushauri basi kuhusu watu hai, maana najua utaniuliza utawapata wapi na nani atakubali kukaa. Kwanza tafuta watu ambao tayari wamekaa. Mwanamke anayesukwa nywele hukaa saa tatu au zaidi, kichwa kikiwa kimeshikwa na msusi. Hakuna modeli wa chuo chochote anayetulia hivyo. Wacheza bao huinamisha vichwa kwa muda mrefu na kurudia mkao ule ule kila baada ya kete, nao hukusahau upesi. Kinyozi ana kiti, ana mwanga, na ana kioo kinachokupa pande mbili za kichwa kwa mara moja. Omba ruhusa kabla ya kutoa daftari, sema jina lako na unachokifanya, onyesha mchoro mwishoni hata kama ni mbaya, na mtu akikuambia kwamba kwa imani yake hapendi sura ya mwanadamu ichorwe, mshukuru na uhamie kwa mwingine bila mjadala. Nyumbani una babu, una shangazi, na una wewe mwenyewe kwenye kioo, ambaye hadai soda.

Ukimkalisha mtu rasmi, usimzidishie dakika 20 kwa mkupuo mmoja. Zungushia miguu ya kiti chake alama ya chaki sakafuni, naye achague kitu ukutani cha kukitazama, ili akirudi kutoka mapumzikoni arudi pale pale. Wewe kaa kiasi cha mita mbili kutoka kwake, na ubao wako uwe wima, si mapajani, kwa kuwa karatasi iliyolala hurefusha sura. Pima kwa penseli mkono ukiwa umenyooka na jicho moja limefumbwa. Kwa mistari ya wima tumia uzi wenye kokoto, kama timazi ya fundi mwashi: uache uning'inie mbele ya uso na uangalie pembe ya jicho inaangukia wapi kwenye mdomo. Visanduku vyako vya picha viliifanya kazi hiyo kwa niaba yako, na ndiyo maana siku ya kwanza utajiona kama hujawahi kushika penseli. Mimi nilichora picha kwa miaka sita kabla ya kumkalisha mjomba wangu barazani, na sikio lake lilinishinda jioni nzima. Kwenye picha masikio nilikuwa nikiyachora kama mistari niliyoikuta. Sikujua kwamba sikio limeegemea nyuma, wala kwamba lina mlango.

Kuhusu mwanga, vitabu vya Ulaya vitakuambia utafute dirisha linalotazama kaskazini, kwa kuwa huko kwao jua la mchana daima liko kusini. Ukilifuata agizo hilo Morogoro, mwezi Juni utashangaa jua la saa sita likikuelekea, kwa kuwa kuanzia mapema Machi hadi karibu katikati ya Oktoba jua letu la adhuhuri liko upande wa kaskazini. Kwetu dirisha la kusini ndilo lenye utulivu zaidi. Miezi iliyobaki jua huhamia kusini, ni kweli, lakini huwa juu sana kiasi kwamba upenu wa kawaida wa paa hulizuia. Mkalishe mwenye sura ubavu kwa dirisha, si mbele yake, na uzime taa ya ndani, kwa kuwa taa mbili hugombania mng'ao mmoja.

Zoezi moja nalipenda kuliko yote, na ningetaka ulifanye hata kama hutafanya lingine lolote. Mkalishe ndugu yako saa moja na umchore. Ukimaliza, piga picha kutoka pale pale ulipokaa, kwa urefu wa macho yako. Kesho yake, bila kuutazama mchoro wa jana, mchore kutoka kwenye ile picha kwa njia yako ya visanduku, kisha ubandike michoro yote miwili ukutani kwa juma zima. Wa picha huenda ukawa sahihi zaidi kwa vipimo, sitakuficha. Ule wa mtu hai utakuwa na taya lililopinda na jicho moja lililopanda, lakini utaona mahali ambapo mstari wake unajua unapokwenda: pale shavu linapoingia chini ya sikio, pale shingo inapopita nyuma ya taya, pale ukope wa juu unapolifunika jicho kama kitambaa kinavyofunika tufe. Sehemu hizo zikariri, halafu uzirudishe kwenye michoro ya oda. Kukariri nako ni ufundi. Mwalimu mmoja wa Paris wa karne ya 19, Horace Lecoq de Boisbaudran, aliwapeleka wanafunzi wake kwenye makumbusho ya Louvre wasichore chochote, watazame tu, kisha warudi kuchora kwa kumbukumbu. Mwanafunzi wake Alphonse Legros aliirudisha hivyo sura ya mwanazuoni Erasmus iliyochorwa na mchoraji Holbein. Wewe huna Louvre, lakini una daladala: mtazame aliyeketi mbele yako hadi kituo chako, kisha umchore ukifika nyumbani.

Baada ya hapo rudi kwenye picha bila haya, maana ndiyo inayokulipia kodi. Ila inapowezekana, piga wewe mwenyewe. Kehinde Wiley na Amy Sherald, waliochora potreti za Barack na Michelle Obama zilizozinduliwa Washington mwaka 2018, wote wawili walifanya kazi kutoka kwenye picha, lakini ni picha za kazi yao wenyewe, baada ya kukutana na wenye sura na kuchagua mkao na mwanga. Mteja aliye karibu mwombe dakika 15. Piga kutoka mita mbili, ukikuza kidogo badala ya kusogea, ubavuni mwa dirisha, na upige nyingi akiwa anazungumza. Piga pia ubavu na robo tatu, yaani uso ukiwa umegeuka kidogo kuelekea ubavuni, hata kama utachora mbele tu. Mteja aliye mbali mwambie atume kama hati, kwa kuwa WhatsApp hubana picha za kawaida na kuua vivuli vyepesi. Na picha iliyopigwa na mpiga picha mwingine, hasa ya msanii au kiongozi, ina mwenyewe; sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda, kwa hiyo omba ruhusa kabla ya kuuza.

Zipo picha ambazo hazirudiwi, za marehemu na za zamani. Hizo zina lugha yake. Filamu nyingi za rangi nyeusi na nyeupe za zamani hazikuwa na hisia kwa wekundu, kwa hiyo ngozi ya kahawia, ambayo ina wekundu mwingi, ilitoka nyeusi kuliko ilivyoonekana kwa macho. Usimfanye bibi wa mtu mweusi kuliko watoto wake wanavyomkumbuka. Aidha, mafundi wa studio walizoea kuparuza kwa penseli filamu iliyokwisha kusafishwa, kabla ya kuchapa picha, ili wafute makunyanzi na madoa, na baadhi ya ulaini unaouona kwenye picha hizo ni mkono wa fundi, si wa Mungu. Jua wapi pa kumwamini fundi huyo na wapi pa kumshuku.

Narudi kwa yule mama. Usimrekebishie mchoro ule; anza karatasi nyingine. Mwombe mteja wako picha zote za baba yake alizonazo, hasa zile anazoziona mbaya, alizopigwa akicheka, akila, akiwa ameinama kwenye gari, kwa kuwa humo ndimo mna tabia. Kisha uliza kama marehemu ana mdogo wake au mtoto anayefanana naye. Familia kwa kawaida inajua upesi nani amechukua taya na nani amechukua macho. Mkalishe huyo ubavuni mwa dirisha, umchore mara mbili au tatu kwa ajili ya mifupa tu: kina cha kishimo cha jicho, namna mfupa wa shavu unavyoshuka, mahali mng'ao unapokaa juu ya pua. Hayo picha ya pasipoti iliyanyima, na damu moja imeyahifadhi. Vipimo vya upana, yaani nafasi kati ya macho na urefu wa mdomo, vichukue kwenye pasipoti, kwa kuwa hapo ndipo inaposema kweli.

Halafu mwombe mama mwenyewe akae karibu nawe wakati wa kuchora. Usimuulize sura ilikuwaje, kwa kuwa hakuna anayeweza kulijibu swali hilo; muulize alikuwa akikaa vipi anaposikiliza redio, alikuwa akicheka na meno au bila meno, kichwa alikilaza upande gani. Akianza kukuonyesha kwa kichwa chake mwenyewe, weka raba chini na umtazame. Inua pembe ya mdomo au shusha ukope kwa kadiri alivyokuonyesha, kidogo kidogo, umgeuzie ubao, na usubiri.